Vichaka vya Pinki Kando ya Bembea

"Mama Aika, mmea ni mmea tu. Ukishajua utafika urefu gani, utatoa maua ya rangi gani na unataka jua kiasi gani, umeshaumaliza. Mengine ni hadithi za migombani."

Mwanangu Aika,

Hayo ni maneno ya bosi wako, Bwana Mustafa, aliyoyasema Jumapili hapa kwetu Kiboriloni, mkono mmoja ukiwa na kijiti cha kuchokonoa meno na mwingine ukiwa juu ya mchoro wako wa bustani. Ulikuwepo. Uliinamia sahani kama mtu anayehesabu punje za wali. Maneno hayo si ya kweli, na nitakuonyesha kwa nini. Lakini kabla sijamgeukia yeye lazima nijigeukie mwenyewe, kwa sababu nilimwacha ayaseme, kisha nikamwongezea mtori.

Unanijua. Nimegombana na maafisa kilimo wawili waliotaka tukate miti ya kivuli ili kahawa ipate jua. Nilisimama kwenye jumuiya nikamwambia mwenyekiti kwamba anasoma barua asiyoielewa. Mhariri mmoja wa gazeti aliwahi kunipigia simu akaniomba kwa adabu nipumzike kidogo kumwandikia. Mimi huyo huyo, Jumapili, niliufyata ulimi. Nilimwambia Bwana Mustafa, "Karibu tena, baba, usione haya."

Sasa umepanda Kilema kumuaga bibi yako kabla ya safari yenu ya kesho ya Dodoma, na utarudi kabla giza halijaingia. Baba yako yuko uani anafunga boksi la ndizi mbichi kwa kamba ya katani, kana kwamba Dodoma hakuna soko. Habari za nguo, za chakula, za kupiga simu ukifika, atakuambia yeye; amekuwa akizifanyia mazoezi wiki nzima. Mimi nina muda huu mpaka utakaporudi, na nina hofu moja. Nataka niiandike ikiwa bado ina moto.

Hofu yenyewe ni hii. Baada ya kula, Bwana Mustafa alisogeza sahani akatandaza mchoro mezani.

"Hii kazi yote ni ya binti yako, mama. Mimi nimenyoosha mistari tu. Huyu mtoto ana jicho."

Nikauangalia. Ni kweli una jicho. Ile shule ya watoto wadogo mnayokwenda kuitengenezea bustani niliiona kana kwamba nimesimama getini: miti mirefu nyuma kukinga upepo, vichaka katikati, maua ya chini mbele, njia inayojipinda ili mtoto asione mwisho wake. Nilijivuna. Kisha jicho langu likashuka mpaka kona ya chini, penye bembea na mchanga wa kuchezea, nikaona vile viduara vya pinki vimepangwa kama shanga, na pembeni mwandiko wako mzuri: kundi la tatu, vichaka vya maua, urefu wa kati, jua kali, maji kidogo. Oleanda.

"Na haya ya pinki?" nikauliza.

"Hayo ndiyo yatakayouza bustani," alisema. "Dodoma jua linaua kila kitu, mama, ila hayo hayafi. Hata mbuzi hawayagusi."

"Kwa nini mbuzi hawayagusi?"

Akacheka. "Labda hawapendi pinki."

Baba yako akacheka. Wewe ukacheka pia, ukachelewa kidogo, na kule kuchelewa ndiko kunakoninyima usingizi. Nikamuuliza kama mmeyapanga kwa kingine chochote zaidi ya rangi na urefu, ndipo akanipa ile hotuba ya mmea ni mmea. Alikuwa na furaha. Ni mtu mzuri, Bwana Mustafa. Alinisalimia shikamoo kabla hajazima injini, alimsifu baba yako kwa mbuzi wake, alikuja nyumbani kutuonyesha sura yake ili tujue tunamkabidhi nani mtoto. Angekuwa mtu mbaya ningemrukia pale pale. Mtu mzuri anayesema jambo la hatari anatuziba midomo kuliko mlevi.

Usije ukadhani nachukia makundi. Mtu anayesema mimea isipangwe kwa makundi hajawahi kutengeneza bustani. Amewahi kuangalia picha tu. Bila kujua huu ni mti na huu ni kichaka, huu unaishi msimu mmoja na huu utakuzika, huu unataka kivuli na huu utaoza kivulini, utapanda waridi chini ya mparachichi na kulaumu mbolea. Kitalu changu hapa barabarani nimekipanga kwa makundi, na mteja anayeondoa mche kwenye safu yake unajua ninavyomfanya. Ninachokataa ni mtu kuuweka mmea katika safu moja kisha akafunga daftari akadhani amemaliza. Mmea mmoja uko kwenye safu nyingi kwa wakati mmoja. Una urefu, ndiyo, na una rangi. Una pia mwenyewe anayeumiliki. Una mikono inayoufikia. Na una mahali unapokwenda ukishakatwa, jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha bustani, na nimevisoma vingi.

Hilo la mwenyewe nilijifunza kwa aibu, nikiwa mke mpya. Nilikuwa binti wa mjini, nimeolewa mlimani, na mali yangu kubwa ilikuwa vitabu viwili vya bustani vya mtumba. Nilifika kwenye kihamba cha bibi yako, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, nikaona vurugu. Migomba, kahawa chini yake, magimbi chini ya kahawa, mringaringa juu ya vyote, maboga yanatambaa popote. Nikajiambia hawa watu hawana mpango. Hata ule uzuri mdogo waliokuwa nao, ile safu ya masale yenye majani marefu ya kung'aa, wameitupa pembeni kabisa ambako mgeni haioni. Kitabu changu kilisema mmea wa aina ile ni wa mapambo ya majani, unafaa mlangoni. Nikang'oa kadhaa, nikayapanda kwenye makopo ya rangi, nikayapanga mlangoni: mrefu, wa kati, mfupi.

Bibi yako akarudi kutoka sokoni, akasimama na mkungu kichwani.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Napamba."

"Unapamba kwa mpaka?"

Jirani, Mzee Kimaro, alikuwa ameshafika. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kwa upole, "Mke wa mwanangu, naomba kujua, shamba lenu sasa linaishia wapi? Nisije nikaamka nikakuta nalala kwenu."

Mlimani pale masale hupandwa makaburini, masale ndiyo mpaka, na masale hayo hayo ndiyo msamaha. Ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, na akilipokea hawezi kukukatalia. Bibi yako akaniambia niende nikaombe radhi. Nikamuuliza jani nitalitoa wapi. "Si unayo makopo?" alisema. Nikachuma kutoka kwenye kopo, nikampelekea Mzee Kimaro kwa mikono miwili. Akaliangalia jani, akaniangalia mimi, akacheka mpaka akakohoa. "Nimeishi miaka yote hii," akasema, "sijawahi kuombwa msamaha kwa mpaka wangu mwenyewe." Alinisamehe. Tukayarudisha masale ardhini, na mpaka leo kila upande unaamini mstari uliingia kwake hatua moja.

Utaona basi kwamba ile vurugu ilikuwa na mpango kuliko bustani yangu ya makopo. Lakini usikimbilie upande wa pili. Siku hizi kuna watu wanaopanda mlimani na kamera, wanashuka wakiandika kwamba wazee wetu walijua kila kitu na kwamba kitabu ni upuuzi wa wageni. Hao nao nimegombana nao. Bibi yako ana makundi yake, na ni makundi ya mtu mwenye ng'ombe: cha kuliwa na watu, cha pombe, cha kivuli, cha mpaka, cha dawa, na kingine chote cha kijani ni cha ng'ombe. Kila kijani kilichokatwa kina mdomo unaokingoja. Ni mpango mzuri, umelisha watu kwenye kipande kidogo cha ardhi vizazi kwa vizazi. Una tundu moja. Ulitungwa na watu waliojua kila mmea uliokuwa mbele yao, na haukuwa na nafasi ya mmea mgeni.

Kisa cha Sukari, ng'ombe wa bibi yako, unakijua, lakini unakijua kama kisa cha ng'ombe tu. Wewe ulikuwa mdogo, uko likizo kwa bibi. Nadhani unachokumbuka ni soda.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Majani yalikuwa yamekwisha, akina mama wanashuka tambarare kutafuta mabua ya mahindi na kurudi nayo vichwani, wamepauka vumbi. Mimi nilikuwa nimeshapata jina kidogo la kutengeneza bustani, na kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa nyumba ya wageni mjini. Niliipanga kama kitabu kilivyosema, mirefu nyuma, mifupi mbele, na katikati ukuta wa oleanda za pinki. Watu walikuwa wanasimama barabarani kuziangalia. Siku hiyo nilizipogoa, nikafyeka na nyasi za pale, nikachanganya vyote kwenye magunia na kuyapandisha Kilema. Nilikusudia yawe matandiko ya zizini, yakalaliwe, yakojolewe, yawe samadi. Nikayaweka magunia karibu na zizi, nikaondoka, kwa sababu kulikuwa na mkutano wa mfereji wa maji na nilikuwa na watu wa kuwaambia ukweli wao.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa ndipo penye hoja yangu yote. Nilijua oleanda ni sumu. Nilikuwa nimeisoma. Nilijua ina utomvu mchungu, nilijua majani yake yanasimamisha moyo, ningeweza kukutajia ukoo wake wa kisayansi na ndugu zake. Elimu hiyo nilikuwa nayo kichwani, katika chumba kinachoitwa sumu. Oleanda niliyoikata niliibeba katika chumba kingine, kinachoitwa vichaka vya maua, urefu wa kati. Vyumba viwili katika kichwa kimoja, na ukuta katikati hauna mlango. Ningeulizwa kwenye mtihani ningepata alama zote. Hakuna aliyeniuliza.

Bibi yako akafungua magunia. Alifanya ambacho mama yeyote wa mlimani angefanya mwaka wa njaa ya majani. Mbuzi huiacha oleanda mbichi kichakani, ni kweli, Bwana Mustafa hakusema uongo. Lakini iliyonyauka, imechanganyika na nyasi, mbele ya ng'ombe mwenye njaa aliyefungwa zizini, hiyo ni habari nyingine. Nilipokuwa narudi kutoka mkutanoni, nimeshinda hoja yangu, nilisikia sauti za watu kabla sijaiona nyumba.

Sukari alikuwa amelala ubavu, anatetemeka, miguu inapiga hewa. Wanaume wa ukoo walikuwa wameshafika na visu. Unajua ilivyo, ng'ombe akielekea kufa unamwahi, unachinja, nyama inagawanywa, kila nyumba na fungu lake, angalau hasara inapungua. Bibi yako alikuwa ameshika kamba, anamwita kwa jina. Nikaliona gunia likiwa tupu. Nikaona jani moja jembamba limebaki horini, mfano wa ncha ya mkuki.

Nikapiga kelele, "Msichinje. Msile."

Shemeji yangu mmoja akageuka. "Mama mwenye vitabu, ng'ombe si wako."

"Nyama yake ni sumu."

"Sumu ya nini? Kala majani uliyoleta wewe."

Nikasema ndiyo. Nikasema ndiyo hayo. Visu vilikuwa bado mikononi mwao Sukari alipokufa. Bibi yako hakunitukana. Alikaa chini kwenye samadi akasema, "Hata nyama yake umetunyima," na sijawahi kusikia sentensi iliyonichoma zaidi ya hiyo, mimi ninayeishi kwa sentensi. Wengine waliamini nimetunga habari ya sumu kwa kiburi. Tulichimba shimo, wanaume wakimsukuma na kunitazama.

Halafu nikauliza watoto wako wapi.

Mlikuwa migombani, wewe na binamu zako, mnapika. Mlikuwa na pombe yenu ya tope kwenye kipande cha kibuyu, na kila mmoja ana mwiko wake. Miko yenyewe ilikuwa vijiti vilivyonyooka, vimemenywa gome, vyeupe, laini. Nilivijua vijiti vile. Nilivikata kwa mkono wangu. Cha kwako kilikuwa mdomoni.

"Aika, umeonja?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ni kichungu. Nikatema."

"Ulimeza?"

Ukafikiri. Mtoto anapofikiri namna ile, mwanangu, dunia inasimama. Ukasema, "Sijui."

Mzee Kimaro alitupakia kwenye pikipiki yake, wewe katikati, mimi nyuma nimekushika kifua ili niusikie moyo wako, na kwa mtikisiko wa barabara ile sikuweza kutofautisha moyo wako, wangu na injini. Zahanatini nesi alikuweka kitandani akakushika kifundo cha mkono akiangalia saa. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. "Mama, kaa chini," alisema. "Mtoto hatetemeki. Anayetetemeka ni wewe." Walituzuia pale wakikuangalia. Uliomba soda. Ulipopewa ukaimaliza yote ukauliza kama binamu zako nao watapata, na nesi akatuma waletwe, wakaja na midomo yenye tope, mmoja baada ya mwingine wakashikwa mikono. Hamkuwa na kitu. Mlikuwa mmetema. Uchungu wa ule mti ndio uliowaokoa, mimi sikuwaokoa.

Tangu siku ile sijawahi kuliona ua la pinki nikaliona ua tu.

Nimefikiri miaka mingi kosa lilikuwa la nani. Kulikuwa na mipango miwili siku ile, wa kwangu na wa bibi yako, na yote miwili ilikuwa imefanya kazi yake sawasawa. Wa kwangu ulisema: ua, urefu wa kati. Wa kwake ulisema: kijani kilichokatwa, cha ng'ombe. Hakuna aliyevunja sheria yake. Ng'ombe alitumbukia katikati, penye pengo ambalo kila mmoja alidhani mwenzake amelifunika. Na watoto nao walikuwa na mpango wao, usiosahaulika kwangu: kijiti kilichonyooka ni mwiko.

Kwa hiyo usiniambie kwamba jibu ni kujifunza sayansi zaidi. Jifunze, ndiyo, lakini hata ukoo wa mmea haukuambii yote. Msesewe, ambao gome lake bibi yako anatia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, na ambao wazee wote wa Kilema wanaunywa tangu ujana wao, ni wa ukoo mmoja na oleanda. Ndugu kabisa. Mmoja uko kwenye pombe ya harusi, mwingine uliua ng'ombe. Kilichowatenganisha ni kipimo, na mkono unaojua kipimo hicho, na kwamba mti wenyewe unasimama mahali ambapo kila mtu anajua ni wa nini. Bembea haina mkono wa namna hiyo. Bembea ina watoto.

Najua atakachokujibu Bwana Mustafa, maana nimeshamjibu mara nyingi nikiwa natwanga, nikiwa naoga. Atasema vichaka hivi vimejaa mijini, barabarani, kwenye mahoteli, na watu hawaanguki ovyo. Ni kweli. Wala siwaambii mkaving'oe duniani. Katikati ya barabara hakuna mtu anayekaa chini yake kupika tope. Atasema watoto wataonja watatema. Wengi, ndiyo. Namuuliza yeye, mwenye watoto: ni wangapi wasiotema ndio angewakubali? Atasema mtaweka kibao. Kwa watoto ambao hawajajua kusoma. Atasema mlinzi ataangalia. Mlinzi huyo huyo ndiye atakayevipogoa, na Dodoma ni nchi ya ng'ombe, mwanangu, na nje ya uzio wa shule atapita mama mmoja mwenye zizi wakati wa kiangazi, aombe yale majani mazuri ya kijani, na atapewa kwa moyo mkunjufu.

Na sasa lile ninaloliogopa zaidi ya mmea wenyewe. Wewe ulikuwepo migombani siku ile. Hata kama unakumbuka soda tu, kisa umekisikia hapa nyumbani mara ngapi? Unajua oleanda ni nini. Ulivichora vile viduara ukijua. Nilipomuuliza kuhusu mbuzi, ulijua jibu, na ukacheka kwa kuchelewa. Sikulaumu kwa kutojua; ungekuwa hujui, nisingeogopa hivi. Naogopa kwamba umeshajenga ule ukuta wangu kichwani mwako, sumu chumba hiki na maua chumba kile, na kwamba kinachoushikilia ukuta huo ni adabu. Umelelewa vizuri. Hukatishi wakubwa maneno. Mimi ndiye niliyekulea hivyo, nikipiga kelele nje na kudai kimya ndani.

Kazi hii umeisubiri sana. Nimekuona ukirudi na bahasha yako ya vyeti kutoka kila ofisi ya mji huu, ukivua viatu mlangoni. Ndiyo maana Jumapili nilinyamaza. Nilijiambia, nikimpinga huyu mtu mbele ya sahani yake, mtoto wangu atabaki hapa kunisaidia kumwagilia miche mpaka azeeke. Niliuza maneno yangu kwa ajili ya ajira yako, na nilipolala nilihesabu bei yake nikaona kwamba nimelipa kwa watoto wa watu wengine. Mama zao wapo huko Dodoma. Hawajui hata kwamba kuna meza huku kwetu ambapo walitajwa.

Nimesikia mlango. Ni baba yako, anaingiza boksi. Wewe bado. Basi namalizia.

Bwana Mustafa, namwagiza Aika akupe karatasi hizi uzisome, kwa hiyo nasema na wewe pia, na nakuomba radhi kwamba nilikula nawe nikaficha ulimi wangu. Umesema mengine ni hadithi za migombani. Hii ni mojawapo, na iliua. Kesho, kabla hamjafika Bomang'ombe, simamisha gari, fungua ule mchoro, na mziondoe oleanda zote zilizo ndani ya uzio wa ile shule. Msizisogeze nyuma kidogo, msiziwekee kibao. Ziondoeni. Kisha kwa kila mmea utakaobaki umuulize binti yangu ni mkono wa nani unaufikia na ukikatwa unakwenda wapi, na umsubiri mpaka ajibu.

Na wewe Aika, mwambie kabla hajakuuliza. Sema kwa sauti, gari likiwa linakwenda, hata kama anaongea, hata kama ni mkubwa wako. Akikataa, mwambie akushushe hapo hapo barabarani, na mchoro wako ukiwa mkononi. Nitakuja kukuchukua.

Mama yako